Kura si Kula

Anonciata ni mkulima wa Songambele, wilaya ya Kyerwa. Asubuhi hulima maharage. Mchana huchota maji, humenya ndizi na kuwakatia mbuzi majani. Mume wake, Anastazi, hupalilia migomba na kuchuma kahawa. Mtoto wao wa kwanza, Hirwa, ameshaoa na anaishi Mabira. Ndiyo maana majirani humwita Anonciata Mama Hirwa.

Tangu utoto Anonciata alikuwa na ndoto moja. Alitaka kusimama mbele ya watu na kuwasomea maneno kutoka kwenye karatasi. Yeye hakupelekwa shule. Alichunga ng'ombe wa baba yake. Lakini kila Jumapili kanisani alimtazama msomaji wa matangazo. Watu wote walitulia kumsikiliza. Anonciata alijiambia, "Siku moja nitakuwa mimi."

Siku hiyo ilichelewa. Aliolewa, akazaa, akalea. Kisha shule ya kijiji ikaanzisha kisomo cha watu wazima, jioni. Anonciata alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu wao alikuwa Salvina, binti wa Kihaya kutoka Muleba. Mwanzoni herufi zilimtesa Anonciata. Hata hivyo, mvua zilipoisha alikuwa anasoma sentensi nzima.

Jumapili moja Yustus, katekista wa kigango, alimruhusu asome matangazo. Alimpa karatasi pale pale, ibada ikiwa inaisha. Anonciata akasimama mbele.

"Jumapili ijayo," alisoma, "tutachagua viongozi wa jumuiya. Waumini wote mje kupiga kula."

Watu walitazamana. Mmoja akaguna. Anonciata alidhani hawakumsikia. Akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi: "Wote mje kupiga kula!"

Kanisa zima likacheka, hata watoto. Anonciata hakujua wanacheka nini.

Nje, Kokugonza mwenye duka alikuwa anamsubiri.

"Mama Hirwa, huko kwenye kupiga kula, tutapiga ndizi au wali? Tuje na sahani?"

"Nimesoma kilichoandikwa," alijibu Anonciata.

"Kimeandikwa kura, mama. Kura! Wewe umetuita kwenye chakula."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka tena. Anonciata alishika njia ya nyumbani bila kuaga. Wiki hiyo hakwenda kisomo. Wiki iliyofuata pia hakwenda.

"Leo tena umebaki?" Anastazi alimuuliza jikoni.

"Niende kufanya nini? Ulimi wangu mzito. Mimi ni mtu wa jembe."

"Hata mimi naona kula na kura ni kitu kimoja. Mbona pombe ya ndizi huyu anaiandika rubisi, yule lubisi, na wote wanalewa?"

Anonciata hakucheka. "Baba Hirwa, watoto niliwataka, nikawapata. Shamba nililitaka, tukalipata. Hiki kisomo nilikitaka kabla ya vyote. Sasa kimeniaibisha mbele ya watu wote."

Kesho yake Anastazi alipita shuleni akazungumza na mwalimu. Hakumwambia mkewe.

Jioni Salvina alibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Sina chai."

"Sikufuata chai." Salvina alichukua kisu, akaketi, akaanza kumenya ndizi pamoja naye. Baada ya muda alisema, "Mama, hebu sema mahali. Mahali pa kukaa."

"Mahari."

"Sasa sema mahari. Ile ya posa."

"Mahari."

"Umesikia tofauti?"

"Tofauti gani? Si umesema neno moja?"

Salvina akacheka. "Ukimwambia mgeni unatafuta mahari, atadhani unaolewa tena."

"Nani anaolewa tena?" Anastazi aliuliza kutoka nje.

Anonciata alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Tatizo si akili yako, mama," Salvina alisema. "Wala si umri. Kinyarwanda chenu, Kinyambo cha majirani, hata Kihaya chetu, havitenganishi l na r kama Kiswahili. Sikio lako halikuzoea kusikia tofauti hiyo. Mimi chuoni nilisema nalala, wenzangu wakasikia narara. Waliniita Narara mpaka tulipomaliza."

"Ukafanyaje?"

"Niliacha kutegemea sikio. Nilitumia jicho na ulimi. Ukiona l, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia. Ukiona r, ulimi unatetemeka. Jaribu."

Anonciata alijaribu. Kura ikatoka kula. Alijaribu tena, na sasa kula ikatoka kura.

"Umeona?" alisema kwa uchungu. "Ulimi umekataa."

"Una miaka mingi unasema vile. Hautakubali kwa jioni moja. Usisome kimoyomoyo. Soma kwa sauti, kidogo kidogo, kila siku. Kabla hujasoma, pigia mstari kila r kwa penseli, ili jicho likuonye. Na jambo jingine: usisome mbele ya watu karatasi ambayo hujaiona. Omba upewe mapema. Mimi siingii darasani kabla sijalipitia somo nyumbani."

"Kumbe hata walimu mnafanya mazoezi?"

"Tunafanya, mama. Ila hamtuoni."

Anonciata alirudi kisomo. Nyumbani alisoma kwa sauti alipokuwa akisubiri chungu kichemke. Aliwasomea mbuzi pia. Siku nyingine ulimi ulitii. Siku nyingine ulichanganya kila kitu, naye akaitupa karatasi kando ya jiko. Asubuhi aliiokota.

"Mbuzi hawa watakijua Kiswahili kabla yangu," alisema Anastazi. Lakini alikuwa akisikiliza, na polepole masikio yake nayo yakaanza kufunguka. Neno lilipokosewa, aligonga ukuta, na Anonciata akarudia.

Msimu wa kahawa ulipita. Ndipo Anonciata akaenda kwa Yustus.

"Katekista, naomba kusoma matangazo tena."

Yustus alikuna kidevu. "Mama Hirwa, watu hawajasahau. Wakicheka tena?"

"Wacheke. Nikikosea nitarudia neno, kisha nitaendelea. Ila naomba karatasi Ijumaa, si Jumapili."

"Basi njoo Ijumaa," alisema Yustus.

Jumapili ilipofika, Anonciata alisimama mbele. Kokugonza alikuwa benchi la mbele, tayari ameziba mdomo kwa kanga. Anonciata alitazama karatasi yake yenye mistari ya penseli. Hakuharakisha.

"Chanjo ya kuku ya kuzuia kideri itatolewa Jumatano, saa moja asubuhi. Mahali ni uwanja wa shule. Kila mfugaji alete kuku wake wote, hata vifaranga. Mtu asibakize kuku nyumbani, maana kideri kikiingia kijijini huambukiza haraka."

Katika neno haraka ulimi uliteleza. Alisimama, akalitazama neno, akalirudia vizuri. Kisha akaendelea na tangazo la pili mpaka mwisho, akakunja karatasi, akarudi kukaa.

Nje hakuna aliyempongeza. Watu walisimama katika makundi wakizungumza kwa sauti.

"Hata vifaranga?" mzee mmoja aliuliza. "Vyangu vimeanguliwa juzi."

"Hata vifaranga," alijibu Kokugonza. "Si amesema wote? Mimi wa kwangu nitawabeba kwenye tenga."

"Na ni saa moja ya asubuhi au ya jioni?"

"Asubuhi, mzee. Ulikuwa umelala?"

Anonciata alisimama kando na mume wake, akiwasikiliza. Wote walikuwa wakizungumza habari za kuku; hakuna aliyetaja ulimi wake.

"Twende," alisema Anastazi. "Inabidi na sisi tutafute tenga."