Mlinzi wa Mkanda

Kila asubuhi kabla ya shule, Émérance alimpelekea baba yake uji kwenye mashine ya kusaga muhogo, pale Kabambare. Baba Salomon alikaa kwenye kiti kifupi, akiukodolea macho mkanda mrefu uliozunguka kwa kasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, wala msicheke. Agizo la serikali lilikuja kwa Kifaransa, na mwenye mashine, Bwana Gérard, akawaelezea watu kwa Kiswahili: kila mkanda uwe na mlinzi. Basi akaajiri mlinzi.

Siku moja ya soko, mama Régina aliinama kumimina muhogo wake. Ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni ikanaswa na mkanda. Alipojaribu kuivuta, mkanda ukamkata vidole viwili. Salomon aliruka kuzima mashine, lakini wapi! Mtu atashindana vipi na mashine?

Tangu hapo mji mzima ulikuwa na neno moja: mlinzi alilala. Gérard akamfukuza. Darasani, Laura, binti wa Régina, alihamia benchi la mbele, na wengine wakamfuata. Émérance akabaki peke yake kwenye benchi la watu wanne. Wakati wa mapumziko alijifanya anatafuta kitu mfukoni, ili asionekane hana wa kucheza naye. Nyumbani baba alikula matonge mawili, akageukia ukuta.

"Baba, ulilala?" aliuliza siku moja.

"Hapana, mwanangu. Lakini nani atanisadiki?"

Kesho yake Émérance alikwenda kwenye mashine. Agizo lilikuwa bado limebandikwa mlangoni. Akalisoma polepole, akifuata kwa kidole, hadi neno moja likamtatiza: protecteur. Aliona haya kuuliza, lakini akalinakili na kumpelekea mwalimu Apolline.

Mwalimu akafungua kamusi. "Ee Mungu wangu! Émérance, linaweza kuwa mulinzi, lakini hapa si mutu. Ni kifuniko cha chuma cha kufunika mkanda!"

Jumamosi mkaguzi wa kazi alifika kwa pikipiki kuchunguza ajali ile, matope hadi magotini. Watu wakajaa.

"Mulinzi alikuwako, mheshimiwa," alisema Gérard. "Alilala."

Émérance akasimama. Hakuna aliyesimama naye. "Baba hakulala. Na mulinzi si yeye. Karatasi inasema chuma."

Mkaguzi akautazama mkanda uliokuwa wazi. "Chuma iko wapi, Bwana Gérard?"

Gérard akainamisha kichwa. "Ile neno sikulijua. Niliona haya kuuliza."

"Agizo hili sasa linaandaliwa kuwa sheria ya nchi nzima," alisema mkaguzi. "Nitaandika kwamba lije kwa Kiswahili pia, na kifuniko kichorwe picha yake."

Mashine ilifungwa mpaka fundi alipoufunika mkanda kwa chuma. Salomon akarudishwa, safari hii kupima unga.

Jioni ya Jumamosi ile Régina, mkono umefungwa kitambaa, alikuja nyumbani kwao pamoja na Laura. "Yaya Salomon, kaka yangu, unisamehe. Nilikulaumu bure." Laura akaketi karibu na Émérance.

Kisha Régina akawageukia watoto. "Sheria inaweza kuandikwa vizuri huko Kinshasa, lakini tukiogopa kuuliza maana yake, vidole vitakatika vilevile. Mukiona neno hamulijui, muulize. Aibu ni ya siku moja. Mkono wangu ndio huu, siku zote."