Kichwa cha Nice

Mvua ya Aprili mwaka ule iliwakutanisha chini ya turubai moja, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Benedikta alivaa gauni la kitenge cha njano, viatu ameshika mkononi. Isidori, muuza vipuri wa mtaa wa Gerezani, alimtazama akacheka.

"Sista, hivyo viatu umenunua vya kuvaa mikononi?"

"Na wewe hilo shati umelinunulia girisi?"

Mvua ikakatika, wao wakabaki palepale. Wiki ya tatu simu zilikuwa zinaanza kabla ya chai.

"Daktari wangu, umeamkaje?"

"Sijaamka, Isi. Bado nakuota."

Benedikta alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Katika utafiti wake aliwapiga picha za ubongo watu wenye skizofrenia, akitafuta dalili ambazo siku moja zingesaidia kuugundua ugonjwa mapema. Alipomweleza hayo wakila mihogo ya kukaanga kule Magogoni, Isidori alisukuma sahani pembeni. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwanamke yeyote: dada yake, Nice, alianza kusikia sauti akiwa na miaka kumi na tisa. Mtaani walisema ana majini.

Benedikta alimshika mkono tu.

Miezi minne baadaye, Isidori aliona fomu ya utafiti kwenye mkoba wa Nice. Jina la Nice juu, sahihi ya Benedikta chini. Damu ikamchemka. Akapiga simu.

"Kumbe ulikuwa unatafuta kichwa cha dada yangu!"

"Isi, mpenzi, nisikilize..."

"Niite ndugu wa mgonjwa."

Akakata, akaifungia namba yake. Nyumbani hakusema kitu.

Miaka miwili ikapita. Alikuwa bado ametunza meseji za sauti za Benedikta, na dukani kukitulia alijiwekea ile moja: "Isi, kula basi, usishindie soda." Kila akiisikia, gauni la njano lilimjia machoni.

Jumapili moja Nice, ambaye dawa zilikuwa zimemkubali vizuri, aliweka kijiko chini.

"Kaka, nisamehe. Najua Bene alikuacha kwa sababu ya ugonjwa wangu."

"Nilimwacha mimi. Alikuandikisha kwenye utafiti wake."

Nice akamkodolea macho. "Nani kakwambia? Nilienda mwenyewe! Nilitaka nijue kama ni majini au ni ubongo. Kichwa ni changu, kaka. Akanikatalia. Aliandika kwenye fomu kwamba hawezi kumchunguza ndugu wa mwanaume anayempenda. Hukusoma?"

Hakuwa amesoma.

Kesho yake mchana alisimama eneo la Posta, nje ya jengo la ofisi ya Benedikta. Benedikta akatoka, amevaa blauzi nyeupe, amekonda kidogo. Alipomwona akasita.

"Bene, nimekosa. Nice ameniambia yote."

"Miaka miwili, Isi." Alimkazia macho. "Hukuniuliza hata swali moja."

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Nikuoe?"

Benedikta aligeuza uso, akajifuta macho kwa kiganja.

"Sijala tangu asubuhi," alisema. "Nina njaa. Nitakujibu tukishakula."

Waliingia mgahawa wa jirani, wakaagiza wali na samaki wa nazi. Hawajafika hata nusu ya sahani, akamjibu: "Nioe, Isi."