Kifungo na Rula ya Fundi

Kila siku saa tisa alasiri, Chachu alirudi kutoka shuleni kwa kishindo. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa sababu msichana huyo hakuchelewa kuumuka kwa hasira. Alikuwa akisukuma mlango wa chumba cha mbele, ambako baba yake alishonea nguo za watu, na kupiga kelele za kuamsha mtaa.

"Kifungooo! Uko wapi, mfalme wangu?"

Kifungo alikuwa mbwa mdogo mweusi, wa miezi mitatu tu. Alitoka mbio chini ya meza ya kukatia vitambaa, akamrukia Chachu magotini, na palepale, kwa furaha, akajikojolea. Siku za mwanzo Chachu alicheka, akachukua kitambaa cha deki akafuta.

Mambo yaliharibika siku aliyokuja na wenzake wa darasani. Furaha ilimzidi Kifungo, akalowesha viatu vya mgeni mmoja. Kesho yake shule nzima ilikuwa na habari.

"Mbwa wako anavuja kuliko paa la choo chetu!" walimwambia.

Chachu alitamani ardhi ipasuke immeze. Na hapo ndipo roho mbaya ilipomwingia.

Siku hiyo aliporudi saa tisa, wazazi wake walikuwa uani wakila. Chachu alitungua ukutani rula ndefu ya mbao ambayo baba alipimia vitambaa. Akamkamata Kifungo shingoni, akamsugua pua kwenye mkojo wake, kisha akamchapa.

"Moja ya jana! Moja ya leo! Na hii ya kesho!"

Unadhani Kifungo alipona? Wapi! Sasa alijikojolea akisikia tu hatua za Chachu mlangoni. "Kumbe ananikomoa," Chachu akasema, akaongeza fimbo. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, na kila mara rula ilirudishwa kwenye msumari wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumatatu moja Kifungo alilowesha kitambaa cheupe cha mteja kilichoning'inia mezani. Mama, aliyekuwa akipiga pasi, aliweka pasi chini. Mama huyu akisema amesema.

"Tone moja tena, anakwenda yadi ya mbao. Mlinzi kule anatafuta mbwa."

Mbwa wa yadi ile walijulikana. Walifungwa mnyororo mfupi usiku na mchana, shingo zimechubuka, na hakuna aliyewajali. Chachu aliangua kilio.

"Na wewe, usije ukawa unampiga," mama akasema. "Unampiga?"

"Haki ya Mungu, mama, simgusi!"

Kesho yake mchana alimchapa tano, ati apone haraka.

Alhamisi jioni alikuja daktari wa mifugo, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyetaka kushonewa koti jeupe la kazini. Baba akatungua rula apime kitambaa. Rula ikagonga meza, ko!

Kifungo alikuwa amelala. Aliposikia mlio ule aliruka, masikio yakalala, akaanza kutambaa kwa tumbo huku mkojo ukimfuata sakafuni.

"Basi!" mama akasema. "Kesho asubuhi, yadi ya mbao."

"Mama, hebu subiri kidogo," daktari akasema, akachuchumaa. "Mbwa huyu anapigwa kwa rula hiyo."

"Na nani? Mimi?" baba akashtuka.

"Mpe mama aishike."

Mama akaishika. Kifungo alitetemeka tu.

"Sasa mpe binti."

Chachu aliipokea rula. Hakuinua mkono, hakusema neno. Kifungo alimtambalia mpaka miguuni, akalala chali, akamlamba kiatu, akajikojolea tena tumboni mwake mwenyewe.

Chachu alijua kwamba akinyamaza, Kifungo anakwenda mnyororoni. Akisema, yeye ndiye atakayekiona cha moto.

"Nampiga," akasema. "Kila siku. Nilikudanganya, mama."

Baba alimsogelea, akamnyang'anya rula, akaiinua juu. Chachu alifumba macho, mabega yakapanda mpaka masikioni, na kitu cha moto kikamshuka mguuni mpaka kwenye soksi. Akangoja pigo. Halikuja. Alipofumbua macho, baba alikuwa anaitundika rula kwenye msumari wake.

Hakuna aliyecheka. Mama alimletea kitambaa cha deki, akakiweka mkononi mwake.

"Umefanya makusudi?" daktari akamuuliza.

"Hapana."

"Ulikuwa unamkomoa baba?"

Chachu akatikisa kichwa, machozi yakimdondoka.

"Basi na yeye ni hivyo hivyo, mwanangu. Kwanza alikojoa kwa furaha, kwa sababu ni mchanga na wewe bila shaka uliingia kama gari la zimamoto. Angekua, angeacha. Ukamchapa, akaanza kukojoa kwa hofu. Ndiyo namna yake ya kusema nisamehe. Sasa ingia kimya, usimtazame, mfungulie mlango wa uani kwanza. Akishatulia, kaa chini umpe mgongo. Aje mwenyewe."

"Atabaki," mama akasema. "Lakini wewe hutamgusa mpaka yeye akuguse. Na kiapo ulichoniapia, sijakisahau."

Chachu alishika maagizo. Aliingia kwa kunyata, akafungua mlango wa uani, Kifungo akamalizia haja yake nje. Kisha akakaa sakafuni, akampa mgongo, akingoja. Kifungo alimwendea baba. Alimwendea mama. Alimwendea hata mleta magazeti, mtu asiyempa chochote. Kwa Chachu hakwenda.

Mwezi ulipokwisha, daktari alikuja kuchukua koti lake.

"Sakafu vipi?"

"Kavu, daktari. Wiki mbili sasa," mama akajibu.

"Na wewe, anakujia?"

"Anafika hapo," Chachu akasema, akionyesha sakafu hatua mbili mbali naye. "Hapo tu. Lini atanisamehe?"

Daktari alivaa koti, akalifunga vifungo polepole.

"Mkojo umekauka. Hofu haikauki upesi hivyo. Uliipanda kwa siku chache, utaing'oa kwa miezi, na hakuna wa kukusaidia. Ukimtesa asiyeweza kusema, na ukadanganya kuhusu mateso yake, usitegemee akuamini siku unayotaka wewe. Kaa hapo hapo. Usimwite."

Chachu akakaa. Kifungo alimtazama kutoka hatua mbili. Mkia wake ukagonga sakafu mara moja, kisha akajilaza palepale alipokuwa.