Mume wa Jukwaani

— Fumba macho. Ukicheka tu, nyusi zitapinda.

Genfa alisimama mlangoni pa chumba cha kuvalia, nyuma ya jukwaa la hekalu, chupa ya chai mkononi. Mkewe, Caidie, alikuwa kainua uso kama mtoto anayepanguswa kamasi. Aliyekuwa akimchora nyusi, polepole, kidole kikiwa kimeegemea shavuni kwake, alikuwa Suwen.

Suwen alishavaa joho lake la msomi na kofia yenye mabawa. Mwanamume kwa mavazi, mwanamke kwa kuzaliwa. Opera ya mji wao wa Shengzhou, huko Uchina, ndivyo ilivyo: wanawake huigiza wote, bwana na bibi, hakimu na mwizi. Genfa alilijua hilo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Lakini moyo ukishaanza kuuma hausikii maelezo. Kwao, mwenye wivu huambiwa kanywa siki. Genfa alikuwa kanywa pipa zima.

— Karibu, shemeji, — Suwen akasema bila kugeuka. — Weka chai hapo.

— Kwani yeye hana mikono ya kujichora?

— Ninayo, — Caidie akajibu, macho bado kayafumba. — Ila ya Suwen haitetemeki.

Jioni ile, jukwaani, msomi aliaga kwenda mji mkuu kufanya mtihani wa kifalme, na mchumba wake akamng'ang'ania mkono wa joho. Caidie akalia machozi ya kweli, yakachimba mifereji kwenye poda. Mabibi watazamaji wakaacha kumenya mbegu za alizeti, wakatafuta leso.

— Genfa! — muuza tofu akapaza sauti kutoka benchi la nyuma. — Mume mwenzako leo kapendeza!

Benchi zima likaangua kicheko. Genfa naye akacheka.

Walipofika nyumbani hakuvumilia.

— Yule akikuaga unalia. Mimi umewahi kunililia?

— Wewe umewahi kuondoka?

— Sitanii, Caidie.

— Hata mimi. Kutwa uko hapa, unakanda unga wa maandazi ya dukani. Nikulilie nini? — Alikuwa akijifuta rangi usoni. — Suwen ni mwanamke, mume wangu. Watu wanakucheka.

— Wanacheka kwa sababu wanaona.

— Wanaona nini?

Genfa akaanza kufunika unga wa kesho. Angesema nini? Kwamba kila usiku alilala na mwanamke ambaye usingizini bado alikuwa akiimba na mtu mwingine?

Asubuhi moja, Caidie akiwa anaoga, simu yake ikalia kando ya vikapu vya kupikia maandazi kwa mvuke. Genfa akaipokea kwa mikono yenye unga.

— Haloo, naongea na Yuan Caidie? Mimi naitwa Kong, wa kikundi cha opera huku jijini Hangzhou.

— Mimi ni mumewe.

— Vizuri! Tumeona video yake akiimba na Suwen. Tunawataka wote wawili kwenye usaili Jumanne ijayo. Wakipita, ni ajira ya kudumu, na vyumba vya kuishi tunatoa. Wale wawili wameumbiana, bwana!

Wameumbiana. Neno hilo ndilo lililommaliza. Akawaona Hangzhou, chumba kimoja, kioo kimoja, na yeye kabaki Shengzhou na unga wake.

— Bahati mbaya, — akasikia mdomo wake ukisema. — Caidie ameacha kuimba. Ni mjamzito.

— Oo! Basi hongera sana, ndugu yangu.

Akaifuta simu ile kwenye kumbukumbu, akafunika kikapu. Caidie akatoka bafuni, nywele zikidondosha maji.

— Nani kapiga?

— Watu wa matangazo.

Jumanne ikapita. Siku mbili baadaye Suwen akaja dukani, kabeba kikapu cha sukari guru na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, zawadi ya uzazi huko kwao. Akakitua mezani, akamkumbatia Caidie mbele ya wateja.

— Nimekununia wiki nzima kwa kunificha, lakini leo nimesema basi. Hongera, mdogo wangu!

— Hongera ya nini?

— Usinifanye mtoto. Ya mimba!

Wateja wakaacha kutafuna. Miaka sita ya ndoa, na dawa chungu za kutafuta mtoto kila mwezi. Hapakuwa na mtu mtaani asiyejua.

— Nani kakwambia nina mimba? — Caidie aliuliza kwa sauti ndogo.

— Mzee Kong, wa Hangzhou. Usaili si ulikuwa Jumanne? Alisema mumeo mwenyewe ndiye aliyempa habari kwenye simu. Mimi peke yangu hawakunitaka, wanataka sisi wawili...

Wote wawili wakamgeukia Genfa. Donge la unga lilimponyoka, likaanguka sakafuni.

— Sema si kweli, — Caidie akasema.

— Niliogopa utaondoka naye.

— Kila mwezi unaniona nikilia chooni. Unaniona! Halafu unachukua mimba niliyoikosa, unaifanya kufuli?

— Caidie, nisikilize...

— Wewe hukuwa na wivu juu yangu. Ulikuwa na wivu na sauti yangu.

Akavua aproni, akaiweka juu ya mayai mekundu, akatoka. Usiku ule hakulala nyumbani. Alilala kwa Suwen, na Genfa hakuwa tena na haki ya kuuliza.

Akatuma ujumbe: "Rudi, mke wangu. Nimekosa."

Jibu likaja kesho yake: "Unamwita nani? Mwimbaji au mjamzito?"

Mama yake Genfa aliposikia, hata hakuketi.

— Uongo uliupeleka Hangzhou, — akasema. — Kwa nini toba unaileta jikoni kwangu?

Genfa akapanda basi la Hangzhou. Ofisi ya Mzee Kong ilikuwa imejaa waimbaji wakinywa chai, na hakuna aliyempisha kiti.

— Mke wangu, Caidie, hana mimba, — akasema akiwa wima. — Nilidanganya.

— Kwa nini ufanye hivyo?

— Wivu.

— Juu ya mwanamume gani?

— Si mwanamume. Ni Suwen.

Msichana mmoja akapaliwa na chai. Wengine wakacheka waziwazi, mmoja akajipiga paja. Genfa alisubiri, masikio yakimwaka, mpaka walipochoka.

— Chekeni, — akasema. — Lakini msikilizeni akiimba. Nimemsikia kila usiku, na kila usiku nimetamani anyamaze, kwa sababu akiimba haonekani kuwa wangu. Yeye hana kosa. Kosa ni langu.

Mzee Kong hakucheka. Akapiga simu palepale, akafungua spika.

— Caidie? Kong hapa. Mumeo yuko mbele yangu. Kasema ukweli wote, na ofisi nzima imemcheka.

— Kasema mwenyewe?

— Kwa mdomo wake. Njooni Ijumaa.

— Tutakuja. Na yeye mwambieni arudi nyumbani. Unga utachacha.

Wanawake wale wawili wakapita usaili. Caidie akahamia Hangzhou, na kwa majuma mengi simu zake zilikuwa fupi kama za mtu aliyeko foleni. Umekula? Nimekula. Mama mzima? Mzima. Genfa hakuuliza anaishi na nani. Swali lilimwamsha kila alfajiri. Alilikanda pamoja na unga.

Kisha siku moja Caidie akasema kwenye simu:

— Huku maandazi ya mvuke ni mabaya. Nyama kavu, ngozi nene.

— Nitakutumia kwa basi.

— Sitaki ya basi. Watu wa Shengzhou wamefungua maduka ya maandazi nchi nzima. Wewe umefungwa na nini huko?

Genfa aliketi juu ya gunia la unga akalia kama mtoto.

Usiku wa onyesho la kwanza huko Hangzhou alikaa safu ya tatu. Msomi alirudi kutoka mji mkuu, kashinda mtihani, kamkuta mchumba wake langoni, na walivyoshikana mikono ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mama mmoja pembeni yake akanong'ona:

— Wale wanapendana kweli, hata kama ni maigizo.

— Kweli kabisa, mama, — Genfa akajibu, na siki ikampanda mpaka machoni.

Alimsubiri mkewe mlango wa nyuma wa ukumbi. Caidie akatoka, uso umeoshwa, rangi kidogo imebaki karibu na sikio.

— Umeona wivu?

— Nimeona.

— Sana?

— Sana.

— Ukafanya nini?

— Nikapiga makofi.

Caidie akaigeuza mikono ya mumewe kwenye mwanga wa taa. Viganja vilikuwa vyekundu. Akacheka, akampa mkoba wake abebe, na wakaondoka.