Irambona Hakuja Kupalilia

Msimu wa palizi ulifika Mabawe, kijiji cha mpakani, lakini Irambona hakufika. Kila mwaka mwanamke huyo alivuka kutoka Burundi, akamsaidia Felisita kazi ya shamba. Walipalilia wakipiga soga hadi jua linawachoma. Sasa Felisita alilima peke yake. Mara kwa mara aliinua kichwa kutaka kusema neno, akakumbuka hana wa kumwambia.

"Bado unamngoja?" aliuliza Matiasi, mumewe. "Yule ndiye aliyetuletea mnyauko wa migomba. Nilimwambia asirudi, na sijutii."

"Utajutia nini, Baba Danstan, na jembe nalishika mimi?"

Siku hiyo Magdalena, bibi shamba wa kata, alikuja kuwatembelea. Aliwaamkia, kisha akakata mgomba wenye majani ya manjano. Ukatoa majimaji kama usaha.

"Miche hii mliipata wapi?"

"Irambona alituletea zawadi," Felisita alijibu kwa sauti ndogo.

"Nilisema mimi," alisema Matiasi.

"Kweli, mzee. Miche isiyokaguliwa huvusha ugonjwa. Lakini hii mliipanda bondeni. Migomba ya nyumbani imeuguaje? Panga lako hulipitisha kwenye moto?"

"Panga si nyama, mwanangu."

Magdalena alicheka. "Basi hilo panga ndilo lililoupandisha ugonjwa kutoka bondeni hadi nyumbani. Na siku za kutengeneza rubisi, pombe yenu ya ndizi, mnaliazima nyumba kwa nyumba."

Matiasi alitazama chini.

"Wageni wanatusaidia kazi na wananunua sokoni kwetu," Magdalena aliendelea. "Wakija ovyo, shida nazo huja: magonjwa, kuni kupungua, ugomvi wa ardhi. Kwa hiyo Irambona apite kituo cha mpakani Kabanga, apate kibali uhamiaji, na mwenyekiti wa kijiji amjue. Miche aiache kwao. Nanyi ng'oeni migomba inayougua, muifukie. Panga lipite motoni kila mnapohama shina."

Matiasi aling'oa migomba ile mwenyewe. Kisha Felisita akamwambia, "Aliyemkataza ni wewe. Nenda ukamwite."

Alikwenda Kabanga, akatuma salamu za kuomba radhi kupitia wafanyabiashara wa Burundi.

Msimu uliofuata migomba ilibeba vizuri. Irambona alikuja na kibali chake mkononi.

"Karibu, shemeji," alisema Matiasi. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Irambona alimkumbatia Felisita. "Nilikuwa napanda mlimani kwetu nitazame huku, dada. Nikiona moshi, nasema labda ni wenu."

"Leo utaukohoa jikoni," alisema Felisita, akajifuta macho. "Ingia."