Niamini Ikiwa Imefungwa

"Nani kaigusa diski yangu? Haifunguki."

Binti yangu hakupiga kelele. Angepiga kelele nisingeshtuka. Alivyouliza taratibu vile, nikaacha kushona.

"Mimi? Hata kuifuta vumbi naogopa," nikasema.

Mchumba wake alikuwa kwenye kochi, anachezea simu. Tunamwita Chapchap, jina la kibanda chake cha kujazia watu nyimbo kwenye flashi.

"Labda umesahau neno la siri, mpenzi," akasema bila kuinua macho.

"Nitasahau jina langu kwanza."

Mama mwenzangu unayesoma, nikueleze. Binti yangu ndiye mtunza kompyuta wa kliniki ya uzazi. Kila Ijumaa analeta nyumbani nakala ya mafaili ya wajawazito, kwenye diski aliyoifunga kwa neno la siri. Mwizi akiiba, kaiba chuma tu. Sasa siku hiyo kompyuta ya kliniki ilikufa. Ujumbe wa daktari ukaingia, akausoma kwa sauti:

"Nina mama wawili wodini na sijui historia zao. Diski iko wapi? Kama umeipoteza, usirudi kazini."

Chapchap akaguna. "Huyo daktari anavyokutafuta, utadhani wewe mkewe."

Binti akavuta kompyuta yake karibu. Akafungua ile skrini nyeusi isiyo na picha, ile anayoongea nayo kwa maandishi. Akiandika amri mstari mmoja, inamjibu mistari mitano, naye anaisoma kama nesi anayesoma joto la mgonjwa. Ghafla vidole vikasimama.

"Imefutwa. Mtu kaichomeka kwenye kompyuta nyingine, ikamwambia haisomeki, aiandae upya. Akakubali. Ikamuuliza iitwe nani, akaijibu!"

"Akaandika nani?"

Akageuza skrini. Hata mimi wa darasa la saba nilisoma: CHAPCHAP.

Kijana akatoa macho. Mazoea ya kibandani hayo. Kila flashi anayoiandaa anaipa jina lake, sasa mikono ilifanya kazi bila kumuuliza mwenyewe.

"Nilitaka kuona tu," akasema. "Kama hakuna kitu, unaifungia nini? Wewe na daktari wako..."

"Na ukakaa hapo ukaniambia nimesahau."

Akanigeukia mimi.

"Mama, niletee kiflashi kilichomo kwenye droo ya cherehani."

Nikakimbia nacho. Akawa ananieleza huku anachapa: mwanzoni mwa diski kuna kipande kidogo kinachoshika funguo. Kikifutwa, hata ukilijua neno la siri, halifungui kitu. Yeye alishakitolea nakala zamani, akaiweka mbali na diski. Akakirudisha mahali pake, akaandika neno la siri. Skrini ikanyamaza. Mimi nasali kimoyomoyo.

Ikafunguka!

Akaielekeza skrini ukutani tusione. Mafaili machache yalikuwa yameharibika, mengi mazima. Ya wale mama wawili akamtumia daktari, nayo kayafunga vilevile. Jamani, mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikawa namtazama kama mgeni wa heshima.

"Basi si imefunguka? Nionyeshe," Chapchap akasema. "Mara moja tu, roho yangu itulie."

Nami kwa kuogopa harusi kuvunjika nikadakia: "Mwonyeshe kidogo, mwanangu."

"Mama, humu mna siri za mabinti wa watu. Kuna waliopoteza mimba na waume zao hawajui. Niwaanike kwa sababu huyu ana wivu?"

Akaandika amri ya kuiondoa diski kwenye kompyuta, kisha ya kuifunga, ndipo akachomoa waya. Hakuruka hatua hata moja.

"Ukitaka kuniamini, niamini ikiwa imefungwa," akamwambia. "Nani asiyeamini akishaona?"

Chapchap akainama. Kisha akampigia daktari, akaweka sauti tusikie wote.

"Daktari, mimi ni mchumba wa binti wa kompyuta. Diski niliiharibu mimi, kwa wivu. Yeye hana kosa."

"Unamwonea nani wivu?"

"Wewe, Daktari."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, mimi nina wajukuu na magoti mabovu! Mwambie mafaili yamefika, kazi yake ipo. Wewe usikanyage hapa."

Binti akavua pete, akamwekea kiganjani.

"Umesema ukweli, asante. Lakini umeusema ukiwa umeshikwa. Kaa nayo. Siku ukiwa na shaka ukaja kuniuliza, uje nayo."

"Na nisipokuwa na shaka tena?"

"Shaka utakuwa nayo. Wewe nakujua."

Akaondoka kichwa chini. Mama wenzangu, wanenu wa kiume wafundisheni kuuliza. Wivu wa kupekua utawavunjia nyumba hata kabla ya kujengwa. Na mwenye binti anayejua kutunza siri za watu, asimsukume afungue, kama nilivyotaka kumsukuma wangu.

Jioni simu ya binti yangu ikalia. Akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta, akanipa nisome:

"Nina shaka. Yule muuza maziwa anakuchekea nini?"

"Utamjibu nini?" nikauliza.

"Teleka chai, Mama. Aje aulize vizuri."