Kitambaa cha Mama Darubini

Mtaani walimwita Mama Darubini, na hawakumwonea. Ukipita na kapu, alijua kilichomo kabla hujafika kwenye kona. Jirani akibadilisha pazia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza la zamani limekwenda wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amestaafu kazi ya kufagia shule, lakini macho yake yalikataa kustaafu.

Aliishi na mwanawe, fundi baiskeli, na mke wa mwanawe, fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na baraza nyembamba. Cherehani ilikaa barazani kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Asubuhi jua lilimpiga mkwe usoni. Mchana liligonga bati la jirani, likarudi kumpiga tena. Yeye alishona tu. Alishona sare za shule, ambazo mwenye karakana alimletea kwa mafurushi, zikiwa zimekwisha kukatwa.

Kwa miezi kadhaa jambo moja lilimkera Mama Darubini kuliko kapu la mtu yeyote. Mkwe wake alikuwa mzima leo, mgonjwa kesho. Jumanne angeshona kutwa nzima, huku akiimba. Alhamisi asingeweza hata kushika mkasi. Vidole vinauma, magoti yanauma, mwili umechoka kama uliobeba matofali. Na mashavuni, mpaka juu ya pua, madoa yalijitokeza kama kipepeo aliyetua.

Hospitali kubwa walimpima wakasema ana ugonjwa wa lupasi. Mama Darubini aliuliza ni ugonjwa gani huo unaokuja na kuondoka kama mpangaji mwenye nyumba mbili. Mwanawe hakujua. Mkwe alijua kidogo, akaona haya kueleza. Basi Mama Darubini akajijibu mwenyewe: ni uvivu uliopewa jina la hospitali.

Lakini hakuwa mtu wa kusema bila ushahidi. Aliokota kitambaa kirefu chembamba, kilichobaki kwenye sare, akakificha chini ya mto wake. Kila siku mkwe aliposhinda kitandani, Mama Darubini alitia mshono mmoja wa uzi mweusi. Siku aliyoshona barazani, alitia mshono wa njano. Siku aliyokaa ndani akifanya kazi ndogondogo, alitia wa kijani. Alitaka kumwonyesha mwanawe: tazama, jana mzima, leo kalala. Atasema nini tena?

Wakati huo mambo yalikuwa yamebana. Mwenye karakana alikuwa amekuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuketi. Mafurushi mawili yalikuwa yamechelewa. Alisema likichelewa la tatu, sare zote atampa mshonaji mwingine. Alipoondoka, mkwe aliisogeza cherehani mbele zaidi, kwenye mwanga, akashona siku tatu mfululizo. Mama Darubini alitia njano, njano, njano.

Siku ya nne mkwe alishindwa kuinuka. Mweusi.

Siku hiyo, Ijumaa, alifika Nesi wa kituo cha afya cha jirani. Alikuja kuchukua gauni lake la kazi, lililokuwa limempwaya. Mama Darubini alimpokea, akamwambia gauni halijaguswa, na mwenye kulishona amelala wakati jua liko utosini.

"Anaumwa nini?" Nesi aliuliza.

"Anasema lupasi. Mimi nasema tofauti, na ninao ushahidi."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa chake. Akakikunjua magotini mwa Nesi kwa fahari, kama wakili mahakamani. Akaeleza kila rangi. Akasubiri Nesi atikise kichwa kwa masikitiko juu ya vijana wa siku hizi.

Nesi hakutikisa kichwa. Alipitisha kidole kwenye mishono, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudia.

"Mama, hiki umekishona wewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Hebu tazama. Kila zinapofuatana njano mbili au tatu, nyeusi inakuja nyuma yake. Hapa. Na hapa. Na hapa tena. Kwenye kijani hakuna nyeusi hata moja inayofuata."

Mama Darubini akainama. Alikuwa amekitazama kitambaa hicho kila siku akitafuta uvivu, na uvivu tu. Sasa aliona kitu kingine kabisa, na udadisi ukamwasha kuliko hasira.

"Njano ni barazani," alisema taratibu. "Barazani kuna nini?"

"Kuna jua," Nesi alijibu.

Mkwe aliwasikia, akatoka akishikilia ukuta, akaketi kivulini. Nesi alimsogezea mto, kisha akawaeleza wote wawili. Mwili wa kila mtu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa mgonjwa wa lupasi, askari hao wamechanganyikiwa. Wanampiga mwenye nyumba. Leo wanapiga viungo, kesho ngozi, na wasipozuiwa wanaweza kupiga figo au moyo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonekana mzima huku ndani anapigwa. Na kwa wagonjwa wengi, jua huwachokoza askari hao. Hata lile linalorudi kutoka kwenye bati.

Mama Darubini aliuliza maswali mpaka Nesi akavua viatu. Je, unaambukiza? Hapana, mnaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Amerogwa? Hapana. Amekosea nini basi? Hajakosea chochote, na wataalamu wenyewe hawajajua chanzo chote. Unapona? Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, lakini ya kuutuliza ipo, na watu wanaishi nao, wanafanya kazi, wanalea watoto.

"Dawa zako unameza kila siku?" Nesi akamgeukia mkwe.

"Kila siku," mkwe alijibu, akitazama vidole vyake.

Mama Darubini akakohoa. "Jumatatu kikopo kilikuwa na vidonge ishirini na viwili. Leo Ijumaa, vipo ishirini na viwili."

"Mama, unahesabu dawa zangu?"

"Mimi nahesabu kila kitu, mwanangu. Si zako peke yako."

Mkwe alicheka bila kupenda, kisha machozi yakamlengalenga. Akasema ukweli. Dawa ni ghali, na kwenda hospitali kubwa ni mbali. Alizitunza kwa ajili ya siku mbaya. Alidhani ni kama cherehani: ikilia, unaitia mafuta, isipolia, unayaweka akiba.

"Na cherehani inayosubiri kulia ndipo itiwe mafuta, inadumu?" Nesi aliuliza.

Mkwe alikuwa fundi, jibu alilijua.

Nesi alisema vidonge vile havikuwa vya kuua maumivu ya siku moja. Ni vya kuwatuliza askari kila siku, hata siku ambayo mwili hauumi. Baadhi yake vikiachwa ghafla, mgonjwa anaweza kuzidiwa vibaya. Asijipangie mwenyewe kupunguza dawa wala kuzianza upya. Jumatatu aje kituoni na vikopo vyote, daktari aone. Atapimwa mkojo na presha, maana figo haziumi zinapoanza kuharibika. Akiona miguu imevimba, mkojo una povu, homa inapanda au kifua kinabana, asingoje Jumatatu yoyote. Na kuhusu gharama, pale kituoni yupo afisa ustawi wa jamii. Amweleze ukweli wote, bila haya. Kazi yake ni kutafuta njia kwa watu wasio na uwezo.

"Lakini nisiposhona sitakula," mkwe alisema. "Furushi la tatu lile pale."

"Nani kakwambia usishone? Nimesema usishone juani."

Hapo Mama Darubini akasimama. Ushahidi wake ulikuwa umemgeuka, na alijua. Alimshika mkwe wake bega, akamwambia maneno ambayo mtaa mzima haukuwahi kuyasikia kinywani mwake: "Niliona, mwanangu, lakini sikuelewa nilichokiona. Nisamehe."

Jioni fundi baiskeli aliihamishia cherehani ndani, karibu na dirisha la nyuma lisilofikiwa na jua, akapaka ukuta chokaa ili mwanga uongezeke. Kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, mkwe alijishonea kofia yenye ukingo mpana na blauzi ya mikono mirefu ya kutokea nje. Alishona kwa saa mbili, akapumzika kabla hajachoka, akaendelea. Nguo za kuanikwa akaanika mumewe, na majirani waliocheka walichoka wenyewe. Wateja wakapokelewa barazani na Mama Darubini, aliyekaa pale kutwa, mtaa wote mbele ya macho yake, kwa ruhusa kamili. Alisema hajawahi kupata cheo kizuri hivyo.

Jumatatu mkwe alikwenda kituoni na vikopo vyote, daktari akampangia dawa, afisa ustawi akamtafutia njia ya gharama, kisha akamwendea mwenye karakana na barua ya kituo. Hakuomba huruma. Aliomba mafurushi madogo, kwa siku zaidi. Mwenye karakana aliisoma barua mara mbili, akakubali kujaribu. Furushi la tatu lilifika siku moja kabla ya wakati.

Wiki ya kwanza ya dawa hakuna kilichobadilika, wala ya pili. Mama Darubini alitaka kwenda kumgombeza Nesi, lakini mkwe alimwambia daktari alishasema kwamba dawa ile huchukua wiki nyingi, hata miezi. Nyeusi zilikuja bado. Kisha zikaja moja moja. Kitambaa kilikuwa kirefu, na mkwe alikwenda nacho kliniki, daktari akakisoma kama faili.

Asubuhi moja, akitafuta uzi wa kijani kwenye droo ya cherehani, Mama Darubini alikuta kitambaa kingine. Kilikuwa kipya, na mshono wa rangi moja tu: nyekundu, nyekundu, nyekundu, bila kuruka hata siku moja.

"Hiki nacho ni cha ugonjwa gani?" aliuliza.

Mkwe hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga kwa furaha.

"Hicho ni chako, Mama. Natia mshono kila siku unapochungulia kwa jirani."

Mama Darubini alikitazama kitambaa mwanzo mpaka mwisho. Kisha akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akatia mshono wa siku ile mwenyewe, maana alikuwa amekwisha kuchungulia.